Kazi za Matumizi Bora ya Nishati Massachusetts: Namna ya Kuzipata na Kupima Mshahara Kabla ya Kusaini

Simu ninazopokea zinafanana. Ndugu yupo Lowell au Worcester, amechoka na zamu za usiku za kutunza wazee, na amesikia kwamba kazi za kuziba nyumba zisivuje hewa na kufunga pampu za joto, mitambo ya umeme ya kupasha na kupoza nyumba, zinalipa vizuri. Ametafuta mtandaoni "kazi za nishati" akaletewa matangazo ya kuuza sola mlango kwa mlango. Au kazi ameipata kweli, akakubali kiasi fulani kwa wiki bila kuhesabu saa, na baada ya miezi mitatu ndipo anauliza kama alilipwa haki yake.

Wote wanakwama mahali pamoja. Wanatafuta mshahara wa "sekta ya nishati", na sekta hiyo haina mstari wake kwenye majedwali rasmi ya mishahara. Serikali huandika mishahara kwa fani: fundi wa insulesheni (vitu vya kuzuia joto lisipotee), fundi umeme, fundi wa mitambo ya joto na baridi. Usipoijua fani yako, huna cha kulinganisha na ofa uliyopewa.

Mwongozo huu ni wa jimbo la Massachusetts. Mengi ya hatua ya 3 na hesabu za hatua ya 6 zitakufaa hata ukiwa jimbo jingine, lakini sheria za malipo nilizozitaja ni za hapa.

## Mahitaji

- Kibali halali cha kufanya kazi. Mwajiri atakujazisha fomu ya I-9, kwa hiyo nyaraka ziwe tayari.
- Leseni ya udereva. Vikosi vya mafundi huhama nyumba hadi nyumba. Tangu Julai 1, 2023, Massachusetts hutoa leseni ya kawaida kwa mkazi bila kujali hali yake ya uhamiaji.
- Simu yenye intaneti na kikokotoo.
- Daftari dogo la mfukoni na kalamu. Usidharau daftari, utaona kazi yake.
- Viatu vya kazi, na mwili usioogopa kutambaa sehemu finyu.
- Kiingereza cha kuelewa maelekezo ya usalama. Si lazima kiwe fasaha kwa kazi ya kuanzia.

## Hatua ya 1: Chagua fani

Ripoti ya ajira za nishati ya Marekani, ambayo Wizara ya Nishati ya huko huitoa kila mwaka, huhesabu watu zaidi ya milioni 2 katika matumizi bora ya nishati nchi nzima, na zaidi ya nusu yao wako kwenye ujenzi. Usiisome namba hiyo kana kwamba ni nafasi zilizo wazi. Fundi anayetumia sehemu tu ya saa zake kufunga mitambo inayookoa nishati naye huhesabiwa humo. Hata hivyo ripoti inakuonyesha jambo moja muhimu: kazi hizi ni za ufundi wa majengo. Ukitafuta ofisi yenye bango la "nishati safi" utazipita mlangoni.

Fani za kufikiria ni hizi, pamoja na namba zinazotumiwa na BLS, yaani idara ya takwimu za kazi ya Marekani:

- 47-2131: wafungaji wa insulesheni za sakafu, dari na kuta. Hapa ndipo wengi huanzia.
- 47-2132: wafungaji wa insulesheni za mabomba na mitambo, hasa kwenye majengo makubwa.
- 49-9021: mafundi wa mitambo ya joto na baridi, wakiwemo wa pampu za joto.
- 47-2111: mafundi umeme.
- 47-4011: wakaguzi wa majengo. Wakaguzi wa nishati wamewekwa humu.

Namba ni bora kuliko jina, kwa sababu makampuni huibatiza kazi moja majina kumi. Huyu anaiita ya msaidizi, yule ya mtaalamu wa nyumba, mwingine ya mfungaji. Soma tangazo uone siku nzima utashika nini mkononi, kisha tafuta namba inayolingana na kazi hiyo.

Tahadhari: Namba 47-4011 hupotosha watu. Ndani yake wakaguzi wa nishati wamechanganywa na wakaguzi wa manispaa wenye uzoefu wa miaka mingi, hivyo mshahara unaoonekana pale uko juu kuliko anaopewa mkaguzi mpya wa nishati.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja namba moja, na kueleza kwa sentensi mbili mtu wa fani hiyo hufanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni.

## Hatua ya 2: Jua pesa inatoka wapi

Hatua hii ni fupi, lakini itakuepusha na mwajiri ambaye kazi zake zitakauka baada ya miezi minne.

Sehemu kubwa ya kazi za nyumba hapa huendeshwa na Mass Save, mpango wa makampuni ya umeme na gesi kama Eversource na National Grid. Fedha zake hutoka kwenye bili za wateja wa nishati. Mpango wa miaka 2025 hadi 2027 uliidhinishwa kwa takriban dola bilioni 4.5, baada ya wasimamizi wa jimbo kuagiza upunguzwe kwa dola milioni 500. Chanzo cha pili ni mpango wa serikali kuu wa kukarabati nyumba za wenye kipato kidogo, ulioanza mwaka 1976, ambao hupitia mashirika ya kijamii ya kila eneo. Lowell kuna Community Teamwork, na Boston kuna ABCD.

Chanzo cha tatu kilikuwa nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa mwenye nyumba. Hiyo imefikia mwisho kwa kazi zote zinazokamilika baada ya Desemba 31, 2025. Basi kwenye usaili muulize mwajiri: wateja wenu wengi wanatoka Mass Save, kwenye mpango wa kipato kidogo, au wanalipa wenyewe? Mwenye kazi za uhakika hukujibu papo hapo.

## Hatua ya 3: Soma jedwali la mishahara

Ingia tovuti ya BLS kwenye takwimu za ajira na mishahara kwa fani, chagua Massachusetts, halafu tafuta namba yako. Utakuta pia maeneo madogo kama Boston, Worcester na Springfield. Lowell huhesabiwa ndani ya eneo la Boston. Ikiwa eneo lako halina takwimu za fani yako, jambo la kawaida kwa fani zenye watu wachache, tumia za jimbo zima.

Utaona viwango vitano: asilimia ya 10, 25, 50, 75 na 90. Wengi hukimbilia wastani. Mimi nakushauri uangalie kwanza asilimia ya 25. Asilimia ya 25 maana yake ni kwamba, kati ya wafanyakazi mia, 25 wanapata kiasi hicho au chini yake. Mtu mpya mwenye nguvu na vyeti viwili vya mwanzo ana haki ya kujilinganisha na hapo. Asilimia ya 50, yaani kipimo cha kati, ndiyo shabaha ya mwaka wa pili na wa tatu.

Mfano: mwezi Mei 2024, kipimo cha kati cha nchi nzima kwa mafundi wa mitambo ya joto na baridi kilikuwa dola 59,810 kwa mwaka, na kwa mafundi umeme dola 62,350. BLS huchukulia mwaka wa kazi kuwa saa 2,080. Gawanya upate takriban dola 28.75 na dola 29.98 kwa saa. Massachusetts huwa juu ya namba hizo za taifa kwa fani zote mbili, kwa hiyo ukiletewa namba za taifa kama hoja ya kukulipa kidogo, rudi kwenye jedwali la jimbo.

Mambo mawili watu hawayaoni kwenye jedwali hili:

Kwanza, halina ovataimu. Ni mshahara wa msingi tu. Anayekuambia "vijana wangu wanapata dola 1,400 kwa wiki" bila kutaja saa walizofanya hajakuambia kitu cha kulinganisha.

Pili, jedwali linachelewa. Hujengwa kwa taarifa zilizokusanywa kwa miaka mitatu na hutoka karibu mwaka mmoja baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Ofa ya leo ikiwa sawasawa na jedwali, basi kihalisia iko chini kidogo.

Kisha linganisha na matangazo. Tangu Oktoba 29, 2025, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi Massachusetts analazimika kuandika kiwango cha mshahara kwenye tangazo la kazi. Kusanya matangazo sita ya fani yako na uandike kima cha chini na cha juu cha kila moja.

Umefaulu ikiwa: una namba tatu kwenye daftari: asilimia ya 25, asilimia ya 50, na kima cha chini cha matangazo sita.

## Hatua ya 4: Pata vyeti viwili kwanza

Anza na kozi ya saa 10 ya OSHA, idara ya serikali kuu ya usalama kazini. Kwenye miradi ya umma Massachusetts ni sharti, na kwa miradi binafsi inamwonyesha mwajiri kwamba hutamletea ajali siku ya kwanza. Kinachofuata ni cheti cha ukarabati salama dhidi ya rangi yenye risasi, kozi ya siku moja. Nyumba nyingi za hapa zilijengwa kabla ya 1978, na anayezitoboa kuta bila kufuata taratibu hutia sumu mahali watoto wanapotambaa.

Vyeti vya BPI, taasisi inayopima utaalamu wa majengo, vina thamani kubwa, lakini kwa mtu asiyewahi kuingia darini naona ni mapema. Fanya kazi miezi sita kwanza, maswali ya mtihani yatakuwa mambo uliyoyashika kwa mikono. Ukichagua pampu za joto, utahitaji cheti cha shirikisho cha EPA 608 ili uruhusiwe kushughulikia gesi za kupoozea. Ufundi umeme ni safari ndefu: saa 8,000 za kazi chini ya fundi mwenye leseni, pamoja na saa 600 za darasani. Lakini unalipwa tangu siku ya kwanza.

Tahadhari: Kabla ya kutoa hata dola moja ya kozi, nenda kituo cha ajira cha MassHire kilicho karibu nawe. Huduma zao ni bure, na mara nyingi kuna mafunzo yaliyolipiwa na jimbo. Nimeona watu wakilipia kwa kadi ya mkopo kozi ambayo jirani yao aliipata bila kulipa.

## Hatua ya 5: Peleka maombi mahali penye kazi

Mass Save huorodhesha makampuni yanayoshiriki kwenye mpango wake. Chukua orodha hiyo, chagua yaliyo ndani ya dakika 40 za kuendesha kutoka kwako, na uyapigie. Piga simu asubuhi mapema kabla vikosi havijatoka, au jioni vinaporudi. Katikati ya mchana humkuti msimamizi.

Sema mambo manne tu: jina, leseni ya udereva unayo, OSHA 10 unayo, unaweza kuanza lini. Kama uliwahi kufanya kazi ya ujenzi Nakuru, Mwanza au Bukavu, iseme. Ufundi ni ufundi, ulivyojifunza kupiga plasta au kusuka nyaya haukufutika uwanja wa ndege. Taja na lugha zako, maana Kiswahili, Kifaransa au Kilingala ni faida kwa kampuni inayohudumia nyumba za kupanga za Worcester na Springfield.

## Hatua ya 6: Igeuze ofa iwe ya saa moja

Soma hapa taratibu. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, nami nilipoteza za kutosha mwaka wangu wa kwanza.

Tuseme una ofa mbili. Zote unatoka yadi ya kampuni saa 12:30 asubuhi na kurudi saa 11 jioni, nusu saa ni ya chakula, siku tano. Hizo ni saa 50 kwa wiki.

Ofa ya kwanza: dola 24 kwa saa, mwajiriwa wa fomu ya W-2, yaani mwajiri hukukata kodi. Saa 40 mara 24 ni dola 960. Saa 10 za ovataimu mara dola 36 ni 360. Jumla ni dola 1,320.

Ofa ya pili: "dola 1,200 kwa wiki, mkononi mwako, hatukukati kodi", kwa fomu ya 1099, ile ya mkandarasi huru. Masikioni inavutia. Sasa toa, mathalani, dola 60 za mafuta ya gari lako. Toa takriban dola 80 za mchango wa hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni ambao mwajiri alipaswa kuulipa upande wake na sasa umeangukia kwako. Zinabaki 1,060.

Usizigawe kwa 50. Kwa kuwa saa 10 za mwisho zilistahili kulipwa mara moja na nusu, wiki hiyo ni sawa na saa 55 za kawaida. Gawa 1,060 kwa 55 upate dola 19.27. Hiyo ndiyo namba ya kuipeleka kwenye jedwali la hatua ya 3. Dola 1,200 iliyokuwa inang'aa ni kazi ya dola 19.27 kwa saa, tena bila bima ya ajali kazini na bila mafao ya kukosa kazi.

Tena ofa ya namna hiyo mara nyingi ni kinyume cha sheria. Massachusetts ina masharti matatu ili mtu aitwe mkandarasi huru: asiwe chini ya uelekezi wa kampuni, kazi yake iwe nje ya shughuli za kawaida za kampuni hiyo, na awe na biashara yake mwenyewe. Yote matatu yatimie. Ukipuliza insulesheni kwa kampuni ya insulesheni, sharti la pili limeanguka hapohapo. Wewe ni mwajiriwa, hata kama ulisaini karatasi inayosema vingine.

Malipo kwa futi za mraba yanaruhusiwa, ila hayafuti ovataimu. Ukifanya saa 50 ukapata dola 1,100, kiwango chako ni dola 22 kwa saa, na unadai nusu ya hiyo, dola 11, kwa kila saa iliyozidi 40. Ni dola 110 za wiki hiyo.

Safari nayo ni kazi. Ukiamriwa kuripoti yadi kwanza, saa zinaanza kuhesabiwa yadi, si mlangoni kwa mteja. Mimi nililipwa miezi kadhaa "kuanzia tunapofika", na sikujua.

Majengo ya umma, kama shule na nyumba za mamlaka za makazi, yana kiwango chake cha lazima kinachopangwa na jimbo kwa kila mradi. Kiwango hicho hubandikwa eneo la kazi, kikionyesha mshahara wa msingi, bima ya afya na pensheni. Ukipelekwa huko, kipige picha siku hiyohiyo.

Umefaulu ikiwa: kila ofa imekuwa namba moja ya saa, na unajua iko wapi kati ya asilimia ya 25 na ya 50. Chini ya asilimia ya 10, kataa. Kati ya 10 na 25, kubali tu kama wanalipia vyeti na wanaandika lini utaongezwa.

## Hatua ya 7: Wiki za kwanza

Kazi yako ya kwanza huenda ikawa nyumba ya ghorofa tatu za mbao, zile zilizojaa Worcester na mtaa wa Dorchester, Boston. Mashine ya kupuliza insulesheni inabaki kwenye lori, bomba linapanda ngazi hadi darini. Wewe uko juu na barakoa na taa ya kichwani, selulosi ya kijivu, magazeti yaliyosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, inatoka kama theluji kavu. Magoti yakae juu ya boriti. Kati ya boriti na boriti kuna plasta tu, na mguu ukiteleza utatokeza chumbani kwa mtu.

Ukijaza ukuta, tumia masikio. Bomba linapovuta kwa urahisi, mashine huvuma kwa sauti nyepesi. Sehemu ikijaa, sauti inakuwa nzito na bomba linagoma. Anayejua sauti hiyo haachi mapengo, na kipimo cha feni ya mlangoni, kinachovuta hewa ya nyumba kwa mgandamizo wa paskali 50 ili kuona inakovuja, kitamthibitisha.

Simama na umwite kiongozi ukiona vitu viwili. Nyaya za zamani zilizoshikiliwa kwa vigingi vya kauri: kuzifukia kwa insulesheni kunaweza kuwasha moto. Na punje za kijivu zenye kung'aa kama changarawe nyepesi: ni vamikulaiti, ambayo huenda ina asbesto. Usiiguse, usiifagie. Hakuna mshahara unaolipa mapafu.

Kila jioni, kabla ya kushuka lorini, andika kwenye daftari: tarehe, saa ya kufika yadi, anwani ya kazi, saa ya kurudi, jina la aliyekuwa kiongozi. Dakika moja tu.

## Hatua ya 8: Kagua malipo

Sheria inataka ulipwe kila wiki au kila wiki mbili, ndani ya siku 6 baada ya kipindi kufungwa, pamoja na karatasi inayoonyesha saa na makato. Unajikusanyia saa 1 ya likizo ya ugonjwa kwa kila saa 30 unazofanya, hadi 40 kwa mwaka, na kampuni yenye watu 11 au zaidi lazima izilipie. Ukifukuzwa, haki yako yote italipwa siku ileile.

Linganisha karatasi na daftari. Tofauti ikiwepo, mwandikie msimamizi ujumbe wa simu wenye tarehe na saa, kwa adabu. Makosa mengi huishia hapo. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa kitengo cha haki za kazi cha Mwanasheria Mkuu wa jimbo, bila malipo na bila kujali hati zako za uhamiaji. Una miaka 3 ya kudai. Ukishinda mahakamani, mwajiri hulipa mara tatu ya alichozuia.

## Hatua ya 9: Omba nyongeza ukitimiza miezi kumi na miwili kazini

Usiende mikono mitupu. Beba cheti kipya cha BPI, nyumba ulizokamilisha kutoka kwenye daftari, na jedwali jipya la BLS lenye asilimia ya 50 iliyopigiwa mstari. Taja namba ya saa unayoitaka, kisha nyamaza msimamizi azungumze.

Anayefikia uongozi wa kikosi aulize kuhusu leseni ya jimbo ya usimamizi wa ujenzi kwa insulesheni. Akiwa nayo pamoja na usajili wa ukandarasi wa nyumba, anaweza kufungua kampuni yake. Na hapo, ndugu, vijana utakaowachukua Lowell au Worcester uwalipe kuanzia yadi.